Mbwa Mwitu Ana Faida Gani?

Toa sarafu mfukoni uziangalie. Ya shilingi moja ina twiga, ya tano ina kifaru, ya kumi ina simba, ya ishirini ina ndovu. Zilipotoka mwishoni mwa 2018, watu wengi walifurahi kwamba sura za marais zimeondoka kwenye sarafu zetu. Mimi huwa nawaza jambo jingine. Nchini kwetu mnyama na pesa wameishi pamoja muda mrefu hadi unaweza kumpa konda ndovu akakurudishia simba, na hakuna anayeona ajabu.

Tulifundishwa hivyo tangu shule ya msingi. Taja faida nne za wanyamapori. Huleta watalii. Huleta fedha za kigeni. Hutoa nafasi za kazi. Ya nne ilikuwa kitu kama “hupendezesha nchi”, na hiyo uliandika tu ili ujaze nafasi. Sikumbuki mwalimu yeyote aliyeuliza swali lililo nyuma ya swali hilo: je, mnyama asiye na faida yoyote aruhusiwe kuishi?

Swali hilo nilikutana nalo Ethiopia, juu ya mlima, kwenye baridi ya kuuma meno.

Tulikuwa watu 11. Wengi wetu hatukujuana ila kwa kundi la WhatsApp, ile safari ya kulipa pole pole ambayo unatuma kidogo kila mwezi hadi unasahau kwamba uliwahi kuanza. Tukapanda ndege hadi Addis Ababa, halafu gari dogo kuelekea kusini-mashariki, karibu kilomita 400, hadi Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Bale. Lengo lilikuwa kumwona mbwa mwitu wa Ethiopia. Anaishi nchi hiyo moja tu duniani, na ndani ya nchi hiyo anaishi vileleni tu, kwenye baridi ya juu ya mita 3,000. Waliokomaa waliobaki hawafiki 500, na zaidi ya nusu yao wako Bale.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ukisema “mbwa mwitu” Laikipia, watu wanamfikiria yule mwenye madoadoa na masikio ya duara. Ukisema “mbwa mwitu” kanisani, watu wanamfikiria yule adui wa kondoo. Kiswahili kimewapa wote jina moja. Huyu wa Bale ni wa tatu. Mwekundu kama udongo wa Murang’a, koo jeupe, miguu mirefu, pua ndefu nyembamba. Kwa Kiamhari jina lake lina maana ya mbweha mwekundu. Waoromo wanaoishi naye wanamwita jeedala fardaa, mbweha wa farasi, kwa kuwa humfuata farasi aliye karibu kuzaa akisubiri kula kondo la nyuma. Wazungu nao kwa muda mrefu walimwita mbweha. Ni katika miaka ya tisini ndipo uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Marekani kuliko mbweha wetu. Mnyama mwenyewe hakubadilika hata unywele mmoja. Lakini jiulize, kama tangazo la safari lingesema “twendeni tukaone mbweha”, kundi letu lingejaa?

Uwanda wa Sanetti uko kwenye mita 4,000 hivi. Ukitembea hatua 20 unapumua kama umepanda ngazi za ghorofa la kumi lifti ikiwa imeharibika. Hakuna miti. Kuna majani mafupi ya rangi ya fedha, mawe, vidimbwi, na mashimo ya panya kila mahali. Mwongozaji wetu alisimamisha gari, akatazama mbali, akanyosha kidole. Tukaona kitu chekundu kikitembea peke yake.

Mbwa mwitu huyu anaishi na kundi lakini anawinda peke yake. Alfajiri na jioni kundi hukutana, husalimiana kwa kelele, huzunguka mipaka ya eneo lao. Mchana kila mmoja anajitafutia. Huyu wetu alikuwa amesimama mbele ya shimo, kichwa chini, bila kutikisika. Dakika tano. Dakika kumi. Darubini mbili zilizunguka mikononi mwa watu 11. Halafu akaruka, akachimbua kwa fujo, akatoka na fuko mdomoni. Fuko wa Bale ni mkubwa, anakaribia kilo moja, na haishi popote kwingine duniani. Akamla. Akajilamba. Akaondoka bila kututazama hata mara moja.

“Ndiyo hiyo?” akauliza jamaa mmoja, mfanyabiashara wa vipuri vya magari. “Tumelipa pesa yote hii kuona mtu akila panya? Sasa huyu mnyama ana faida gani?”

Tulicheka. Alikuwa mcheshi, na baridi ilihitaji kicheko. Lakini aliuliza kwa dhati, na mle ndani ya gari kila mmoja akajaribu kumjibu kama tuko kwenye mtihani ule wa shule ya msingi.

Wa kwanza alisema: analeta watalii, si sisi tumekuja? Mwenye vipuri akajibu kwamba tangu asubuhi ameona magari mawili ya wageni, na moja ni letu. Ni kweli kwamba Bale ilitangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2023, lakini haijawa Maasai Mara. Na utalii ni mshahara wa kibarua. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa, viwanja vya ndege vikafungwa, na kabla mwaka haujaisha vita vikaanza kaskazini mwa Ethiopia. Kama sababu ya mnyama kuishi ni mgeni, basi mgeni asipokuja mnyama hana sababu.

Wa pili alisema: anapunguza panya. Jibu zuri, la kisayansi kidogo. Lakini paka pia anapunguza panya. Sumu pia inapunguza panya. Ukimtetea mtu kwa kazi anayofanya, umekubali kwamba akipatikana anayeifanya kwa bei nafuu, wa kwanza afutwe.

Wa tatu, dada mmoja mwalimu, alisema: anapendeza. Hapo mwenye vipuri hakuwa na la kusema kwa sababu kweli anapendeza. Lakini jibu hilo nalo lina shida. Fisi je? Popo? Nyoka? Kama uzuri ndio cheti cha kuishi, wengi wetu wangetakiwa kuwa na wasiwasi.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu huyachanganya: bei na thamani. Bei ni ya sokoni. Inapanda, inashuka, inapatanwa. Thamani haipatanwi. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1785, alitenganisha vitu kwa namna inayokaribia hiyo. Alisema kitu chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine kinacholingana nacho, lakini kuna kilicho juu ya bei yoyote, ambacho hakina mbadala, na hicho kina hadhi. Nakubaliana naye hadi hapo. Tatizo ni kwamba hadhi aliwagawia viumbe wenye akili ya kutafakari tu. Mnyama alimwacha upande wa bei. Alituambia tusimtese, ndiyo, lakini kwa sababu anayezoea kumtesa mbwa atakuja kumtesa mtu. Yaani hata huruma yetu kwa mbwa ilihitaji kuwa na faida, na faida yenyewe ni yetu sisi.

Mimi nadhani swali “ana faida gani” lina ujanja mmoja. Linamweka anayeuliza kwenye kiti cha mwajiri na anayeulizwa kwenye kiti cha anayetafuta kazi. Kabla hujajibu, tayari umekubali mpangilio wa viti.

Nakijua kile kiti cha pili. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokatika, na tangu hapo naandika, kazi moja moja, nyingine zinalipwa, nyingine zinalipwa kwa ahadi. Kila harusi na kila matanga kuna mjomba wa kuuliza, “Siku hizi unafanya nini?” Nikisema naandika, anasema, “Hapana, namaanisha kazi.” Hana ubaya. Ananipenda kwa namna yake. Zamani nilikuwa namjibu kwa orodha: nimeandikia fulani, nimelipwa na fulani. Siku hizi namwambia niko mzima, namuuliza habari za mifugo yake. Kwa sababu ukijitetea kwa orodha ya faida zako, mwezi utakaokosa kazi utakuwa umekosa na utetezi. Heshima ya mtu ikitegemea mpesa yake, hiyo si heshima, ni bei.

Kwa hiyo kama mngeniuliza pale kwenye gari, ningesema: mbwa mwitu hahitaji kuwa na faida. Yuko. Ana watoto ambao kundi zima linawalea. Ana njaa yake, baridi yake, subira yake mbele ya shimo. Hatukumwajiri, hatuwezi kumfuta.

Ni jibu zuri. Nililipenda kwa muda wa nusu saa hivi.

Halafu akaja mvulana juu ya farasi. Nadhani alikuwa na miaka 13 au 14, amejifunga blanketi, ng’ombe wake wametawanyika nyuma, mbwa wawili wa rangi ya majivu miguuni pa farasi. Alisimama akatutazama kwa muda mrefu kuliko tulivyomtazama mbwa mwitu. Akamuuliza mwongozaji kitu, mwongozaji akacheka. Tukauliza amesema nini.

“Ameuliza mmepoteza nini.”

Mwongozaji alipomwambia kwamba tunamtafuta jeedala fardaa, mvulana alionyesha kwa fimbo, upande ule, kisha upande ule, kama mtu anayeelekeza duka. Wako pale kila siku. Wakati mwingine mbwa mwitu hutembea katikati ya ng’ombe, akijificha nyuma ya miguu yao ili mafuko wasimwone. Mvulana huyo amemwona mbwa mwitu mara nyingi kuliko watafiti wengi, bila darubini, na hakuna aliyewahi kumwita mtazamaji wa wanyama.

Sasa lile jibu langu zuri liweke mbele yake. Mbwa mwitu ana thamani isiyo na bei, mimi nasema, nikiwa nimevaa koti la kukodi, kesho kutwa narudi Nairobi. Kwake yeye kauli hiyo ina maana gani? Ina maana kwamba kuna majani ambayo anaambiwa ng’ombe wake wasiyale. Kwamba ukoo wake, unaochunga milima hii, unaitwa tatizo kwenye mikutano isiyofanywa kwa lugha yake. Kwamba wale mbwa wake wawili ni hatari. Thamani ni yangu kuitamka, gharama ni yake kuibeba. Hapo ndipo maneno mazuri hugeuka kuwa dhuluma, na aliyeyasema wala hajui.

Tusijifanye wageni wa jambo hili. Juni 2012, huku Kitengela, wafugaji waliwaua simba sita waliokuwa wametoka Hifadhi ya Taifa ya Nairobi na kuingia bomani kuua mbuzi. Mitandao iliwaka. Watu wa ghorofani walilia kwa ajili ya simba. Ni wachache mno waliouliza mbuzi walikuwa wa nani, na kama ndiyo ilikuwa karo ya mtoto wa mtu. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Wanyamapori ya 2013, inayosema mtu akiuawa na mnyama, familia ilipwe fidia ya shilingi milioni tano. Kwenye karatasi. Kuna familia ambazo zimesubiri hiyo fidia kwa miaka. Sisi tunaompenda simba tunamwona Jumapili na kurudi nyumbani. Anayemchukia analala naye jirani.

Wamarekani wamepitia hayo hayo kwa mbwa mwitu wao. Kufikia 1926 walikuwa wamewamaliza katika Hifadhi ya Yellowstone, kwa bunduki na mitego, na waliofanya hivyo walikuwa wafanyakazi wa serikali waliolipwa mshahara. Faida za mbwa mwitu zilikuwa zimehesabiwa, zikapatikana sifuri. Miaka 70 baadaye, 1995 na 1996, serikali hiyo hiyo ikaleta mbwa mwitu 31 kutoka Kanada. Leo watu wanaamka usiku kwenda kusimama kwenye bonde la Lamar na darubini zao, makundi kwa makundi kama letu, ili wawaone kwa mbali.

Ninachokiheshimu katika kisa hicho si darubini. Ni kwamba tangu 1987, kabla mbwa mwitu hata mmoja hajaletwa, shirika la Defenders of Wildlife lilikuwa tayari limeanza kuwalipa wafugaji wa magharibi ambao mifugo yao iliuawa na mbwa mwitu. Waliosema mbwa mwitu ana thamani walianza kwa kutoa pesa mfukoni mwao. Haikutosha, na ugomvi haujaisha. Desemba 2012 jike mmoja maarufu, ambaye watazamaji walimwita 06, alivuka mpaka wa hifadhi na akapigwa risasi na mwindaji mwenye kibali. Waliomtazama kwa miaka walilia. Lakini kibali kilikuwa halali, na mpaka ulikuwa mpaka. Upendo wao ulikuwa na ramani, na mbwa mwitu hasomi ramani.

Turudi Bale, kwa wale mbwa wawili wa mvulana, maana hapo ndipo penye fundo lenyewe.

Anayemuua mbwa mwitu wa Ethiopia zaidi si bunduki. Ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huo tunaoujua huku. Mbwa wa wafugaji wanapanda milimani na mifugo, wanakutana na mbwa mwitu, wanagombana, wanaumana. Na mbwa mwitu, kwa sababu wanapendana, kwa sababu jioni hukutana na kulambana nyuso, wanaambukizana haraka. Mlipuko wa 2003 uliua takriban robo tatu ya mbwa mwitu wa bonde la Web, mle mle Bale. Haukuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Utasema basi wafugaji waache mbwa. Lakini usiku kuna fisi, na kuna chui. Mbwa wa mfugaji si pambo, ni askari. Kumwambia aache mbwa ni kama kukwambia wewe uache mlango wa nyumba yako ya Umoja bila kufuli kwa sababu kufuli inamsumbua ndege fulani.

Kilichofanyika ni kwamba tangu miaka ya tisini, watu wanaomtetea mbwa mwitu walianza kuchanja mbwa wa vijijini, maelfu kila mwaka. Baadaye, 2018, wakaanza kampeni ya kuwachanja mbwa mwitu wenyewe, chanjo ikiwa imefichwa ndani ya kipande cha nyama ya mbuzi kama chambo. Lakini kazi kubwa ni kwa mbwa wa nyumbani. Na mbwa wa nyumbani akichanjwa, anayekingwa si mbwa mwitu peke yake. Ni yule mvulana. Ni dada zake wadogo.

Hapa naomba usimame kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu 59,000 kila mwaka. Karibu wote wameumwa na mbwa, na wanne kati ya kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na dawa ya yote hayo inajulikana: chanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakosa njia. Nasi Kenya tumo kwenye ahadi ya kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Lakini kuna vijiji vingi ambavyo hakuna aliyefika na sindano, kwa sababu havina mnyama adimu wa kuwaleta wafadhili.

Yaani mtoto wa Bale amepata kinga kwa sababu anaishi karibu na mbwa mwitu mwekundu mzuri. Mtoto wa kijiji kingine, ambako jirani ni mbweha wa kawaida tu, anasubiri.

Nilipomweleza hayo mwenye vipuri, alikasirika. Alisema, “Kwa hivyo mtoto angoje mnyama ahurumiwe ndiyo naye akumbukwe?” Sikuwa na haraka ya kumjibu, na nadhani hasira yake ni ya haki. Ukiiweka hivyo, ni aibu. Aibu ya dunia inayotoa pesa kwa picha nzuri kabla ya kutoa kwa mtu.

Lakini aibu hiyo si ya mbwa mwitu. Hakumnyang’anya mtoto yeyote chanjo. Waliokuwa na wajibu wa kuchanja mbwa ni wengine, na hawakufika. Aliyefika kwa ajili ya mnyama alipata kwamba hawezi kumwokoa mnyama bila kumwokoa mtoto, kwa sababu kirusi hakina orodha ya nani bora kuliko nani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuwahi kuiona methali hiyo ikitimia neno kwa neno hivi.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba kila mara itakuwa hivyo. Kwenye chanjo, mtu na mnyama walishinda pamoja. Kwenye majani, mmoja anakula na mwingine anakosa. Kwenye mbuzi wa Kitengela, ama simba ameshiba ama mwenye mbuzi analala na mali yake. Hapo hakuna hadithi tamu, kuna hesabu, na lazima mtu ailipe. Wakati wote huu swali tulilouliza ni kama mnyama anatulipa vya kutosha. Mimi naona swali la haki ni nani anayelipa ili sisi tumtazame.

Ndiyo maana silitupi lile jibu langu la kwanza. Bado naamini mbwa mwitu hahitaji kuwa na faida, kama ambavyo mtu hahitaji. Lakini nimeliongezea mkia: anayesema hivyo ndiye awe wa kwanza kuchangia. Thamani ambayo hujawahi kuigharamia ni maneno tu, na maneno hayo huwa yanamgharimu mtu mwingine, mara nyingi mtu maskini kuliko wewe, na asiyekuwepo kwenye mazungumzo.

Na uchangiaji wenyewe si jambo kubwa la kishujaa. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la watazamaji ni vitu vidogo vya kuchosha. Kulipa ada ya hifadhi bila kunung’unika. Kumkodi mwongozaji wa pale pale, na farasi wa pale pale, badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini. Kumchanja mbwa wako hapa nyumbani kila mwaka, na kumkumbusha jirani. Na wale wa Ongata Rongai, Kitengela, Laikipia au Taita Taveta wanapoandamana kwa sababu fidia haijalipwa, tusiwaite maadui wa wanyama. Tusimame upande wao, kwa sababu wao ndio wamekuwa wakilipa bili yetu.

Mwenye vipuri hajawahi kukubali kwamba safari ilistahili pesa yake. Kwenye kundi la WhatsApp bado anamwita yule mnyama “paka wa Ethiopia”. Lakini wiki mbili baada ya kurudi alituma picha ya kadi ya chanjo ya mbwa wake wawili wa kulinda duka, bila neno lolote. Dada mwalimu akamjibu kwa kidole gumba.

Ukimpenda simba, anza kwa kuuliza mbuzi walikuwa wa nani.